Mrejesho: OpenCV imekubali kwa MinGW

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu yangu ya kutenganisha korosho nzima na zilizovunjika kwa kamera inagoma kuungana na OpenCV (maktaba ya kodi za kuchakata picha) niliyoipakua. Mlisema kweli: ile ilijengwa kwa Visual C++, mimi natumia MinGW, na kompaila hizi mbili za C++ (programu zinazogeuza kodi iwe lugha ya mashine) huyageuza majina ya fanksheni kila moja kwa namna yake, hivyo hayalingani wakati wa kuungana. Nikajenga mwenyewe kutoka kwenye kodi. Siku nzima ilipotea kwa sababu sikufuta folda ya zamani ya kujengea. CMake, programu inayoandaa ujenzi, hukumbuka humo kompaila ya kwanza! Umeme wa hapa Mtwara ukakatika katikati, faili moja ikaharibika, nikaifuta, make, programu inayoendesha ujenzi wenyewe, ikaendelea ilipoishia. Aliyenishauri nibadilishe tu mwisho wa majina ya faili za maktaba kutoka .lib iwe .a, kaka, ulinichosha bure.