Picha ya Waters: petrasi inaziba sainasi za mashavu

Wete: Assalaam alaykum. Kwenye picha ya Waters, ile eksirei ya sainasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso), kingo za petrasi, mfupa mgumu wa sikio, kila mara zinakaa juu ya sakafu ya sainasi za mashavu. Nakosea wapi?

Chake: Waalaykum salaam. Kidevu cha mgonjwa kiko chini mno. Mstari wa kutoka kona ya nje ya jicho hadi tundu la sikio uwe nyuzi 37 na kaseti, bamba linalopokea picha: kidevu kinagusa, pua imeachana nayo kidogo. Petrasi zitashuka chini ya sainasi. Ukizidisha kuinua kidevu, sainasi zinatoka fupi.

Mjini: Na akae wima, mwale wa eksirei ulale sawa na sakafu, akilala kifudifudi ule mstari wa maji yaliyomo ndani ya sainasi huuoni. Pini za ushungi zitoe mapema, hizo ndizo zinazosahauliwa!

Wete: Na sfenoidi, sainasi ya ndani nyuma ya pua, niionyeshe vipi?

Mjini: Afungue mdomo, kichwa kisisogee.