Mliopitia hurricane Marekani, na mliojitolea baada yake mpaka sikukuu zikawakuta kwenye tope, tupeane uzoefu

MwanaKigamboni_Tampa
Wakuu habari za jioni. Leo nimeshusha boksi la taa za Krismasi nikakuta ndani glavu zangu za ngozi za mwaka 2022, zimekauka ngumu kama ubao na bado zina mchanga wa Fort Myers Beach. Nilikaa chini kwanza. Wale mliokuwa Florida mnakumbuka, kimbunga Ian kilipiga tarehe 28 Septemba 2022, na siku mbili tatu kabla yake kila mtu alikuwa anasema kinakuja Tampa, tukahama nusu ya mtaa, halafu kikakata kona kikawaangukia wenzetu wa kusini. Nilirudi nikakuta nyumba yangu haijapoteza hata kigae. Hicho ndicho kilichokuwa kinanipeleka kule kila Jumamosi mpaka Krismasi, nilikuwa naona kabisa yale maji yalikuwa ya kwangu.

Kazi yetu ilikuwa kufunga maturubai ya bluu juu ya mapaa na kubeba vitu kupeleka kando ya barabara. Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, ilitukuta kwenye maegesho ya kanisa moja, bata mzinga kwenye sahani za karatasi, na mzee mmoja akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba yake akatuonyesha. Nyumba yenyewe haipo, zimebaki ngazi tatu za saruji. Miezi miwili anatembea na ule ufunguo.

Mwaka huu wa 2024 ndio zamu imefika kwetu, vimbunga viwili, Helene tarehe 26 Septemba na Milton tarehe 9 Oktoba, vitanda na makochi aliyoyalowesha Helene bado yalikuwa yamepangwa barabarani wakati Milton anaingia. Naombeni waliopitia waseme walivyopita, na waliojitolea waseme nini kilisaidia kweli.

Kipusa wa Temeke
Huo ufunguo umeniliza. Mamdogo alikuwa Port Arthur, Texas, kwenye kimbunga Harvey cha 2017, mpaka leo mvua ikinyesha usiku anaamka anakaa sebuleni na viatu miguuni.

Mzalendo Halisi
Samahani kwa nitakaowakwaza ila niseme ukweli. Aprili mwaka huu Rufiji na Kibiti kule Tanzania watu wamezama na mashamba yao, nyie mko huko mnawabebea Wamarekani makochi. Wana serikali tajiri na wana bima. Kwanini nguvu hiyo isirudi nyumbani?

MwanaKigamboni_Tampa
Mkuu, Rufiji tulichanga na tulituma. Lakini jirani yangu anayenichukulia mwanangu shule nyumba yake ina maji ya chumvi mpaka kwenye soketi za umeme. Nimpite?

Dada_wa_Bukoba
Na hiyo bima wanayoimba watu hawaijui. Bima ya kawaida ya nyumba huku hailipi mafuriko! Bima ya mafuriko ni nyingine kabisa, unaikata peke yake, na ile ya serikali ukiikata leo kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Yaani ukisubiri mpaka utangaziwe kimbunga umeshachelewa. Dada niliyekuwa nasali naye alilipa bima miaka tisa, akaandikiwa barua ya ukurasa mmoja kwamba maji yaliyoingia ni mafuriko na siyo mvua, kwa hiyo hapati kitu.

Mtoto wa Chumbageni
Nimesoma hapo juu kuhusu mamdogo wa Port Arthur nikashindwa kupita kimya. Mimi ni wa Tanga, nimeishi Houston magharibi tangu 2013 na Harvey nilipitia na familia. Itakuwa ndefu mnivumilie, sijawahi kuiandika.

Harvey aliingia nchi kavu karibu na Rockport usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2017, upepo ulitupita kwa mbali, kilichotumaliza ni mvua, maana kile kimbunga hakikuondoka, kilikaa palepale kinamwaga. Kuna mji unaitwa Nederland huko huko Texas walipima milimita zaidi ya 1,500 kwa siku chache tu, mvua ya mwaka mzima ya Tanga hiyo na zaidi. Sisi tulikuwa ghorofa ya chini. Jumapili maji yalifika kwenye kizingiti yakasimama tukasema alhamdulillahi. Kumbe juu yetu kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yamejaa, na usiku wa kuamkia Jumatatu wahandisi wa jeshi wakaanza kufungulia maji ili kingo zisipasuke. Kwa hiyo mvua inakatika, jua linatoka, wengine wanaanika vitu, na sisi ndio tunazidi kuzama. Jua linawaka na maji yanapanda, hiyo kitu sitaisahau.

Tulipandia kwa jirani wa juu. Mke wangu mimba ya miezi saba, mwanangu miaka minne. Ngazini nikaona kama zulia jekundu linaelea linakuja taratibu, nikadhani ni takataka, kumbe ni siafu wale wekundu wa huku, wameshikana maelfu kwa maelfu wanaelea na mayai yao katikati, wakikugusa wanapanda mwili mzima. Nilikuwa natumia fagio kuwasukuma.

Ikaja boti. Mtu mmoja mzee, ndevu nyeupe, mvuvi wa kamba kutoka Louisiana, ameendesha gari usiku kucha akivuta boti yake kuja kuokoa watu asiowajua. Alikuwa na nafasi ya wawili tu. Redioni walikuwa wamewaambia watu wa Rockport wanaokataa kuhama waandike majina kwenye mikono yao ili maiti zao zitambulike, hilo lilikuwa limenikaa kichwani, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika namba ya shemeji yangu wa Dallas kwenye mkono wa mwanangu, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja kwa sababu mkono ni mdogo na namba haikutosha. Akaniuliza baba mbona unaandika kwenye ngozi. Nikampa yule mzee mtoto wangu mikononi. Sikumuuliza jina. Boti ikakata kona kwenye duka la matairi ikapotea.

Simu ilikuwa imekufa. Kuanzia saa nane mchana mpaka kesho yake saa nne asubuhi sikujua walipelekwa wapi. Sitaelezea ule usiku.

Walikuwa msikitini, misikiti kadhaa ya Houston ilifungua milango kwa watu wote, Waislamu na wasio Waislamu wamelala sako kwa bako. Ijumaa tarehe 1 Septemba ikawa Idi ya kuchinja. Niliswali nimevaa suruali ya msaada inayoishia kwenye ugoko na fulana ya mashindano ya shule ya mtu. Takbira zinasomwa, na mwanangu kakaa mbele yangu anakula biskuti, kila akiinua mkono naiona ile namba, haikufutika kwa siku sita.

Kipusa wa Temeke
Ya Rabi.

Mbio za Asubuhi (Eldoret/Jersey)
Pole sana ndugu yangu. Nimekuwa nikitaka kuandika yangu ya kimbunga Sandy lakini baada ya hii sijui nianzie wapi.

Oktoba 29, 2012, mimi niko New Jersey. Stima ilipotea siku kumi na moja. Petroli ikawa ni ya kupanga foleni na mitungi, mpaka wakaweka zamu, namba ya gari ikiishia na shufwa unajaza leo, ikiishia na witiri unajaza kesho. Nilikuwa nimejiandikisha New York Marathon ya Jumapili Novemba 4, mazoezi ya miezi saba, na Ijumaa jioni mbio zikafutwa. Nilikasirika, sitaficha. Lakini Jumapili hiyo wakimbiaji zaidi ya elfu moja tulipanda feri kwenda Staten Island na mabegi mgongoni, betri, soksi, dawa ya kuua vijidudu, tukakimbia nyumba hadi nyumba. Midland Beach nilipata mama amesimama uani anaosha picha za harusi yake kwa maji ya chupa, moja moja, anazianika kwenye waya na vibanio vya nguo. Nilimshikia chupa saa nzima. Hiyo ndiyo kazi yote niliyofanya siku hiyo.

Fundi Rashidi
Kwa wanaokwenda Jumamosi niwape ya ufundi. Jipsamu iliyolowa usiipake rangi hata ikikauka, unaikata futi nne kutoka chini, unatoa na ile sufi ya ndani, unaacha mbao zipigwe upepo mpaka zikauke kabisa, ukifunga mapema fangasi anakula ukuta kwa ndani na mwenye nyumba anaanza kukohoa mwezi wa pili. Barakoa ya N95, siyo kitambaa. Friji lililokaa wiki bila umeme USILIFUNGUE, lizungushe solotepu litoke hivyohivyo. Piga picha kila kitu kabla ya kukitupa. Jenereta usiweke ndani wala gereji hata mlango ukiwa wazi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake haina harufu ya kukustua, familia zinalala haziamki.

Dada_wa_Bukoba
Na shoka liwe darini.

Fundi Rashidi
Dada hapana, usikimbilie darini, maji yakikufuata huko huna pa kutokea. Panda juu ya paa.

Dada_wa_Bukoba
Ndiyo maana nasema shoka, utobolee!

Msomi_Corpus
Naomba kuuliza, niko na viza ya mwanafunzi, kujitolea naruhusiwa?

Kaka Mkubwa Ughaibuni
Usiguse. Watakurudisha.

MwanaKigamboni_Tampa
Mdogo wangu usitishwe. Kujitolea bure kwenye shirika la hisani hakuna tatizo, usipokee malipo tu, na pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni uwaulize kwanza. Ukifika saini daftari la mahudhurio kila siku, watu wanalipuuza lakini yale masaa mji unaweza kuyahesabu kwenye sehemu ya gharama unayotakiwa kuchangia ili FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, itoe yake.

Mzalendo Halisi
Sijapinga kusaidia. Nimesema kwetu hakuna boti ya kutoka mkoa mwingine. Kimbunga Hidaya kilipokuja kwetu mwezi wa tano mbona hamkuanzisha mada?

Nahodha wa Kilindoni
Mimi niko Mafia, Hidaya alifikia kwetu tarehe 4 Mei. TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza mapema, hakuna aliyeingia baharini, ngalawa tulizivuta juu mpaka chini ya minazi tukazifunga. Boti za Unguja zilisimama. Barabara ya Lindi ikakatika Somanga, magari ya mizigo yakalala pale. Sijaona ubaya wa anayesaidia alipo. Jirani yangu hakuniuliza kwetu wapi aliposhika kamba.

Kaka Mkubwa Ughaibuni
Ila Hidaya siyo hurricane, msichanganye.

Nahodha wa Kilindoni
Ni kitu kimoja, majina yanabadilika kwa bahari tu. Kusini ya ikweta kinazunguka kufuata saa, huko kwenu kinazunguka kinyume. Aliyeng'olewa bati hajui tofauti.

Lori na Mzigo
Nguo tafadhali msilete tena. Nimebeba mzigo wa misaada kutoka Atlanta mara tatu, nguo zinamwagwa kwenye viwanja zinaoza na mvua. Leteni maji ya kunywa, turubai, nepi, au pesa.

Kipusa wa Temeke
Hapana jamani, si umesoma kaka aliswali Idi na suruali ya msaada?

Lori na Mzigo
Hiyo ni wiki ya kwanza dada, ilitoka jirani na hapo. Nasema mzigo wa wiki ya tano.

Mtoto wa Chumbageni
Wote mna haki. Nimalizie yangu maana niliacha katikati.

Septemba watu walijaa, walikuja vijana wa makanisa na mitaimbo na toroli, nyumba yetu walikuwa wameivua kuta saa sita mchana. Fundi wa kulipwa tuliyempata mimi na majirani alichukua malipo ya awali hakuonekana tena. Oktoba wale vijana wakapungua, Novemba hakuna mtu. Na mtaa wa pili yetu kuna bibi Mmexico anaishi peke yake kwenye nyumba isiyo na kuta, unaingia mlangoni unaona mpaka choo, analala kwenye kitanda cha kukunja juu ya saruji tupu na hita ndogo ya umeme. Mke wangu ndiye aliyemuona, amebeba mtoto wetu mchanga mgongoni na kanga, bibi akamsimamisha kuuliza hiyo kanga inafungwaje.

Tukawa tunaenda Jumamosi, mimi na Watanzania wawili na Mkenya mmoja. Hatukuwa mafundi. Jipsamu ya kwanza tuliifunga imepinda mpaka bibi mwenyewe akaleta pima maji akatuonyesha. Tarehe 24 Desemba chumba kimoja tu ndicho kilikuwa na kuta nne, akatuita usiku. Meza ilikuwa ni mlango uliolazwa juu ya ndoo za rangi. Ametengeneza tamales, zile za unga wa mahindi zimefungwa kwenye maganda ya muhindi, na zangu akaziweka sahani ya peke yake, za maharage, bila nguruwe, kwa sababu mwezi mzima alikuwa ameona sigusi mikate yenye nyama aliyokuwa anatununulia.

MwanaKigamboni_Tampa
Kaka mimi nimeshindwa kuendelea na mada. Jumamosi hii tuko Madeira Beach saa mbili asubuhi, nyumba mbili za kukata kuta, tuko watu watano tu. Aliye karibu aje PM.

Msomi_Corpus
Na huyo mtoto wa namba mkononi?

Mtoto wa Chumbageni
Ana miaka kumi na moja. Anasema hakumbuki boti, anakumbuka biskuti. Bibi bado yupo, tarehe 24 tunakwenda kwake kama kila mwaka, na ule mlango hajautupa, ndio meza ya jikoni mpaka leo.