Tupeane uzoefu: gari moja, daino mbili, farasi tofauti

Mwenye Forester, Chumbageni

Wakuu, salaam kutoka Tanga mjini. Naomba kila aliyewahi kupandisha gari kwenye daino, ile mashine ya rola inayosoma nguvu ya gari, aseme yaliyomkuta. Yangu ni haya.

Nina Subaru Forester SG5 ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, injini EJ205, kiwandani ilitoka na nguvu ya farasi 220. Agosti mwaka jana niliivusha Horohoro hadi Nairobi. Ikafungwa ekzosti mpya na intakula kubwa, ile inayopoza hewa ya turbo, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikaandikwa upya, ikapandishwa kwenye daino. Ikasoma 268 kwenye matairi. Nilirudi na ile karatasi nikaitia kwenye plastiki ngumu kama cheti cha shule.

Januari nikapita Dar kwenye gereji nyingine yenye daino. Sikuwa nimebadilisha hata plagi. Ikasoma 221.

Farasi 47 wamekwenda wapi? Nimepimisha kompresheni silinda zote nne, ziko sawa. Turbo haivuji mafuta. Hapa barazani wengine wanasema nimeibiwa Nairobi, wengine wanasema injini imeanza kuchoka. Gari lenyewe barabarani linavuta vilevile, na hilo ndilo linalonichanganya.

Fundi mzee, Ngamiani

Kijana wangu, pole. Nakujibu kwa kirefu maana swali hili naletewa gerejini kila mara.

Kwanza ujue daino haipimi farasi. Farasi ni hesabu. Mashine inapima nguvu ya kuzungusha, toki, halafu inazidisha na mizunguko ya injini. Toki kwa nyutoni mita, mara mizunguko kwa dakika, gawa kwa 9549, unapata kilowati. Sasa hiyo toki inapatikanaje? Hapo ndipo mashine zinapoachana njia.

Kuna daino ya rola zito lisilo na breki. Mashine inajua uzito wa rola lake, inaangalia gari linachukua muda gani kulikimbiza, basi. Dynojet nyingi za zamani ni za namna hii. Kuna ya rola lenye breki ya sumaku ya umeme, inalibana gari kama linapanda mlima. Mustang na Dyno Dynamics ziko upande huu. Na kuna zile zinazotaka uvue matairi kabisa, mashine inafungwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kama Dynapack. Gari lilelile, Dynojet kwa kawaida itasoma juu kuliko Mustang. Hakuna aliyedanganya hapo.

Halafu kuna mkono wa mtu. Niliwahi kusindikiza Mark II ya mteja, injini 1JZ yenye turbo, kwenda kupimwa. Mara ya kwanza mikanda ya kulifunga gari ilikazwa hadi tairi la nyuma likawa limebonyea juu ya rola kama chapati, na upepo wa tairi ulikuwa 24. Nikawaomba wajaze 34 na walegeze mikanda kidogo. Mashine ileile, dereva yuleyule, haikupita nusu saa: farasi 9 waliongezeka. Tairi lililobanwa linakula nguvu na kuigeuza joto. Nililishika kwa kiganja baada ya ule mzunguko wa kwanza, nikatoa mkono haraka.

Ukienda Deep Sea asubuhi kununua samaki, mnunuzi makini anataka apime kwa mizani ileile aliyopimia jana. Na wewe fanya hivyo. Gari likapimwe kabla ya kuguswa, likaguswe, likarudi palepale. Hiyo tofauti ndiyo kazi uliyolipia. Swali langu kwako: Nairobi walikupima kabla ya kufunga vile vitu?

Mwenye Forester, Chumbageni

Shikamoo mzee. Hapana, walipima mwishoni tu. Nami sikujua kuuliza.

Altezza, Raskazone

Mimi namba ilinigharimu pesa, kwa hiyo naandika ili isimgharimu mwingine.

Altezza RS200 ya gia za mkono, kitabu kinasema 210. Nikaipima ikiwa kama ilivyotoka Japani, ikasoma 168. Nikachanganyikiwa. Nikafungua injini, nikabadilisha ringi na oili sili za valvu, nikarudisha. Nikapima tena mashine ileile: 170.

Baadaye ndiyo nikaelimishwa. Ile 210 ya Wajapani ni PS, na PS moja ni nguvu ya kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja. Farasi wa Mwingereza ni mkubwa kidogo. 210 PS ni kama 207 hp, au kilowati 154. Halafu hiyo ni nguvu kwenye mkono wa injini, haijapita klachi, gia boksi, propela shafti wala difu. Mpaka ifike kwenye tairi sehemu yake imeshaliwa njiani. Injini yangu ilikuwa nzima kabisa.

Na msidanganyike na zile hesabu za “ongeza asilimia 15 upate ya injini”. Asilimia haiwi moja kwa kila gari. Forester inayozungusha miguu minne haiwezi kupoteza sawa na Altezza, na gari la automatiki ni habari nyingine. Mtu akikuletea namba, muulize kwanza: ya tairi au ya injini? Hp, PS au kilowati?

Mkaa Kange

Ongezeni gia. Jamaa yangu alipimwa gia ya tatu siku moja, ya nne siku nyingine, akaja na grafu mbili anazilinganisha. Kawaida inachaguliwa gia ambayo injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka gia boksi nayo inazunguka karibu mara moja, na ibaki hiyohiyo.

Dereva wa Lushoto

Habari zenu kaka zangu. Mimi sijawahi kupanda daino ila napanda Mombo kwenda Lushoto karibu kila wiki, kwa hiyo naijua hewa nyepesi.

Nilikuwa na Noah isiyo na turbo. Pale Mombo inaondoka vizuri, ukifika juu, na Lushoto iko kama mita 1,400, inakuwa nzito kabisa, unakanyaga mafuta na haiitiki. Kimo kile hewa imepungua kwa kama asilimia 15. Injini inavuta pumzi ndogo, inatoa nguvu ndogo. Sasa natumia gari la diseli la turbo, na tofauti kati ya chini na juu siisikii sana. Turbo inazunguka zaidi inajaza pengo.

Nairobi iko juu kuliko Lushoto, na Dar iko baharini. Kaka wa Forester, je mashine inajua hilo? Kuna mahali inaandika?

Fundi mzee, Ngamiani

Binti yangu umepiga penyewe, na mimi nilisahau kulisema.

Mashine ina kipimo cha hewa: mgandamizo, joto na unyevu. Inachukua namba iliyosoma inaizidisha na kirekebisho, kana kwamba gari limepimwa kwenye hewa ya kawaida. Kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, inayotumika sana inachukulia nyuzi 25 na mgandamizo wa milibari 990. Ipo ya zamani wanaiandika STD, yenyewe inachukulia baridi ya nyuzi 15 na ushei, nayo inatoa namba kubwa kuliko SAE kwa kama asilimia 4. Gereji inayotaka mteja atoke anacheka inachagua STD. Kwa hiyo angalia herufi hizo kabla hujaangalia farasi.

Lakini kwa gari la turbo sehemu za juu, kirekebisho kinaleta tatizo. Hesabu inadhani injini imepoteza nguvu yote ile ya hewa nyepesi, kama Noah ya binti yangu. Kumbe turbo imeshairudisha sehemu kubwa yenyewe. Basi gari linarudishiwa kitu ambacho halikupoteza. Kijana, itafute karatasi yako ya plastiki. Kona ya chini, maandishi madogo.

Subaru ya rali, Pongwe

Wakati unatafuta, nami niongeze joto. Nilipima kwetu huku mwambao, mchana, kaskazi imeanza kuvuma. Mizunguko mitatu mfululizo, feni moja ndogo mbele: 241, 236, 228. Intakula ukiigusa inaunguza. Kontroli boksi ikisikia hewa ya moto inarudisha taimingi ya cheche nyuma ili injini isigonge. Gari likapoa dakika ishirini boneti wazi, likarudi 240. Tangu hapo namba ya mzunguko mmoja siichukui, nataka mitatu na niandikiwe joto la hewa inayoingia. Na grafu naisoma yote, maana kwenye vumbi natoka kona injini ikiwa mizunguko 3,500 kwa dakika. Kilele cha 6,000 hakinisaidii pale.

Mwenye Forester, Chumbageni

Nimetoa karatasi zote mbili. Maandishi ya Nairobi ni madogo mno, mwanangu ndiye aliyenisomea.

Nairobi: SAE, kirekebisho 1.24.
Dar: SAE, kirekebisho 1.02.

Nikiondoa kirekebisho, 268 gawa 1.24 ni 216. 221 gawa 1.02 ni 216 na ushei.

Nimerudia mara tatu kwa kalkuleta ya simu. Sisemi mashine mbili zimekuwa moja, mzee ameshaeleza, huenda zimekutana kwa bahati. Lakini gari langu halijapoteza farasi 47.

Januari nilimwandikia yule fundi wa Nairobi maneno mabaya, nikamwita mwizi. Hakunijibu. Leo baada ya Isha nampigia simu. Na pampu ya mafuta nitakapobadilisha, narudi Dar daino ileile, gia ya nne, upepo 34, kabla na baada. Karatasi nitaziweka hapa zote mbili.