Nani aliwadanganya kwamba shimo la pesa ni likizo ya uzazi? Shimo liko kwenye kurudi kazini!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko. Anayetafuta pongezi za mtoto apite mlango wa pili.

Kila anayegusa pesa za likizo ya uzazi anakuja na wimbo uleule: wekeni akiba mapema, punguzeni matumizi, nunueni nguo za mtumba. Sawa. Halafu mama anarudi kazini, mwezi wa pili nyumba inakopa, na watu wazima wawili wenye mishahara wanaulizana pesa imekwenda wapi. Imekwenda kule ambako hesabu yenu haikufika. Mlihesabu likizo, hamkuhesabu kurudi. Kibaya zaidi, upungufu wote mmeuandika kwa jina la mama, kana kwamba mtoto ni mkopo wake binafsi.

Tuanze na maneno "mshahara kamili", maana uongo unaanzia hapo. Barua inasema atalipwa kamili, nyumba nzima inashangilia, hakuna anayeuliza kamili ya nini. Mara nyingi ni kamili ya mshahara wa msingi. Posho ya usafiri haimo, saa za ziada hazimo, kamisheni haimo, zamu za usiku hazimo. Chukua mama ambaye katika kila 100 anayoingiza, 70 ni msingi na 30 ni hivyo vingine. "Kamili" yake ni 70. Akiwa mahali ambapo malipo ni theluthi mbili, ambacho ndicho kiwango cha chini kwenye Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, na theluthi hizo zikapigwa kwenye msingi tu, anapata 47. Sasa toa mkopo unaokatwa 25 kila mwezi. Mkopo hauna habari kwamba mtu amejifungua. Zamani alibaki na 75 mkononi, sasa anabaki na 22. Na bado mtu mzima anasema "kipato kimeshuka nusu". Nusu ya wapi? Mkononi kimeshuka kwa asilimia 70. Kodi na michango itapungua kidogo kwa sababu mshahara umepungua, lakini haiwezi kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo ujauzito ukifika mwezi wa nne, toeni hati za mshahara za miezi mitatu iliyopita, pigeni mstari kwenye kila kisicho msingi, kisha mama amuulize mtu wa mishahara kwa maandishi: kwenye likizo nitalipwa mistari ipi kati ya hii, nani analipa, mwajiri au mfuko wa hifadhi ya jamii, na pesa inaingia tarehe ngapi? Jibu la mdomo halina kazi. Aliyejibu leo anaweza kuwa amehamishwa siku mtoto anazaliwa.

Pale ambapo mfuko ndio unaolipa, msitegemee pesa ifike pamoja na mtoto. Madai hukwama kwenye vitu vya kijinga kabisa: jina la kwenye kitambulisho halifanani na la kwenye rekodi ya michango kwa sababu ya herufi moja au jina la ndoa, akaunti ya benki imelala, tarehe ya kuanza likizo kwenye barua ya mwajiri haifanani na ile ya kwenye fomu ya daktari, mwajiri ana miezi miwili hajapeleka michango na masharti yanataka michango mfululizo. Yote haya yanaonekana mtu akiomba taarifa ya michango yake miezi mitano kabla. Baada ya kujifungua, kurekebisha herufi moja ni safari tatu na kichanga mgongoni.

Kuna pia ule mtego wa kulipwa mara mbili. Mwajiri anaendelea kulipa mshahara, mfuko nao unaingiza pesa moja kwa moja kwa mama, nyumba inadhani ni neema. Si neema, hilo ni deni. Akirudi kazini mwajiri anaweza kukata alichotanguliza, na kukikata kwenye mshahara uleule wa kwanza ambao mlikuwa mnaungoja kama mvua. Pesa ikiingia kutoka pande mbili, ya upande mmoja msiiguse mpaka mwajiri aandike kwamba hadai.

Mkopo. Watu hungoja mpaka marejesho yakwame ndipo waende benki, na wakifika wanakuta adhabu imeshaingia. Nendeni kabla, wakati rekodi bado safi, mkiwa na barua ya likizo. Ulizeni swali moja tu: mnasimamisha marejesho yote, au mnasimamisha mtaji (ile pesa tuliyokopa yenyewe) huku riba ikiendelea kulipwa kila mwezi? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Deni la 1,200 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, likisimamishwa lote miezi mitatu huku riba inajilimbikiza, linatoka likiwa 1,254 na ushee. Hiyo 54 inaweza kuwa bei nzuri ya kununua utulivu wa miezi mitatu, au isiwe. Amueni mkiwa mnaiona. Mnaoambiwa "tumewapa likizo ya mkopo" mkashukuru bila kuuliza, ndio nyinyi mnaokuja kulia kwamba deni limekua lenyewe.

Sasa kalenda, mahali ambapo hata wenye digrii za uhasibu wanaanguka. Wiki 14 za likizo, kiwango cha chini kwenye Mkataba Na. 183, ni siku 98, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa likizo inapoanza, si mtoto anapozaliwa. Mama akitoka wiki nne kabla, zinabaki 10. Mtoto akichelewa siku tisa, je, zinakatwa kwenye hizo 10? Mkataba Na. 183 unasema sehemu ya kabla ya kujifungua irefushwe kwa zile siku kati ya tarehe iliyotarajiwa na tarehe halisi, bila kupunguza sehemu ya lazima ya baada ya kujifungua, ambayo ni wiki sita. Nchi nyingi hazijauridhia, kwa hiyo fungueni sheria ya mahali mlipo na muisome wenyewe. Yule binti wa utumishi atawatajia alichozoea kufanya.

Kisha hesabuni siku za mishahara, msihesabu miezi. Kazini hufunga orodha ya mishahara siku kadhaa kabla ya kulipa. Tuseme inafungwa tarehe 18 na mama anarudi tarehe 21. Mwezi huo mfumo bado unamjua kama mtu wa likizo. Anapata nusu ya nusu, au hapati kitu, na mabaki yanaungana na mshahara wa mwezi unaofuata. Hapo siku tatu tu za kalenda zimeahirisha pesa kwa mwezi mzima. Dawa yake si kurudi mapema. Ni barua ya kuthibitisha tarehe ya kurudi, ifike kwa watu wa mishahara wiki mbili kabla ya kufunga, na mama afuatilie kwa swali moja: "imeingizwa?" Sio "mmeipata?" Kuipata wanaipata. Inalala mezani.

Haya, twende kwenye lile shimo lenyewe. Kazi inaanza tarehe 1, mshahara kamili wa kwanza unaingia tarehe 30. Mlezi hawezi kuanza tarehe 1, kwa sababu mtoto wa miezi mitatu haachwi na mtu asiyemjua saa tisa mfululizo. Anahitaji kama siku 14 za kuzoeana mama akiwepo. Kwa hiyo mlezi anaanza katikati ya mwezi uliotangulia: wiki mbili hizo, na wiki nne za mwezi wa kazi, jumla wiki sita za malezi kabla mshahara haujaingia. Kama ni kituo cha kulelea watoto, ongeza dhamana ya mwezi mmoja. Wiki 10 za malezi zimelipwa, na mshahara kamili bado hata mmoja! Ongeza nauli iliyorudi, chakula cha mchana kilichorudi, nguo za kazi ambazo hazimtoshi tena. Hii ndiyo akiba ya kwanza kuwekwa, kabla ya kitanda cha mtoto, kabla ya hicho kigari mnachopigia picha. Iwekwe akaunti tofauti, na iandikwe jina: KURUDI.

Na mtoto akianza kituo atarudi na mafua. Kisha atarudi nayo tena. Miezi ya mwanzo ndivyo ilivyo. Tengeni siku mbili za kukosa kazi kila mwezi na muamue mapema ni za nani. Kama baba ana likizo ya mwaka yenye malipo na mama ameshamaliza yake, siku hizo ni za baba, basi. Mama akiwa na siku 10 za likizo ya mwaka zimebaki, asizimalize kwa kuzibandika mwisho wa likizo ya uzazi. Azitumie siku mbili kila wiki kwa wiki tano za kwanza: analipwa kamili, anafanya kazi siku tatu, na mgonjwa akitokea kuna pa kujishikiza.

Maziwa sasa. Hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, yaani wiki 26. Likizo tuliyohesabu hapo juu ni wiki 14. Zinabaki 12, na kama alianza likizo kabla ya kujifungua ni zaidi. Nani amepanga bajeti ya hizo wiki 12? Hakuna. Kliniki inasema nyonyesha, kazini wanasema rudi, nyumbani wanasema "tutaona".

Mtaona nini, pigeni hesabu. Mtoto asiyenyonya kabisa hunywa takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 6 ni mililita 900. Maziwa mengi ya kopo hutumia karibu gramu 13 hadi 14 za unga kwa kila mililita 100, kwa hiyo siku moja ni kama gramu 120. Kopo la gramu 400 linakwisha siku ya nne asubuhi. Mwezi ni makopo tisa. Zidisheni bei ya kwenu kwa tisa, halafu mrudi hapa mniambie pampu ya kukamulia ni anasa. Na pesa ikibana, msithubutu kuongeza maji ili kopo lisogee. Mtoto ananyimwa lishe na chumvi ya mwili wake inavurugika. Gharama ya hospitali itameza makopo ya mwaka.

Kukamua nako kuna ujinga wake wa kupoteza pesa. Hakuna haja ya friza iliyojaa: akiba ya siku mbili tatu inatosha kuanzia, kwa sababu anachokamua leo kazini ndicho mtoto anachokunywa kesho. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 nje penye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji. Kazini akamue kila baada ya saa tatu hivi. Pampu ikianza kuvuta kwa unyonge, kabla hamjanunua nyingine, chomoeni kile kipande kidogo cha mpira laini chenye umbo la mdomo wa bata, mkiangalie kwenye mwanga. Midomo ikiwa imeachana au imechanika, upepo unapita hapo. Ni kipande cha bei ndogo. Watu wanatupa pampu nzima kwa ajili yake, na wengine wanaamua maziwa "yamekauka", wanakimbilia kopo. Muda wa kunyonyesha, kwa Mkataba Na. 183 uleule, unahesabiwa kama saa za kazi na unalipwa; someni sheria ya mahali mlipo kama na kukamua kumo. Kama unakatwa kwenye saa zake, dai.

Nimebakiza ile hesabu inayotia kichefuchefu. "Mshahara wako ni 80, mlezi ni 30, kwa hiyo unafanya kazi kwa 50, si bora ukae nyumbani?" Huyo anayesema anaingiza 120. Kwa nini mlezi ametolewa kwenye 80 peke yake? Mtoto ana wazazi wawili. Nyumba inaingiza 200, mlezi 30, inabaki 170. Mkigawana kwa uwiano wa mishahara, baba anabeba 18 na mama 12. Mama akiacha kazi, nyumba haipotezi 50 tu. Inapoteza pia mchango wa mwajiri kwenye pensheni yake, bima ya afya kama inapitia kwake, na nyongeza za mshahara za miaka yote atakayokaa nje. Na gharama ya mlezi hupungua mtoto akikua. Pengo kwenye michango ya pensheni halipungui, linamngoja uzeeni.

Nyongeza, maana naona swali la kuongeza mwezi mmoja bila malipo linarudi kila siku: kabla hajasaini, aulize vitu vitatu. Mwezi huo bima inaendelea au inasimama? Michango ya pensheni nani anapeleka? Siku za likizo ya mwaka zinaendelea kujikusanya? Kama bima inasimama, mtoto awe ameshaingizwa kwenye kadi kabla, na waulize siku za mwisho za kumwandikisha, kwa sababu dirisha hilo huwa fupi na likifungwa linaweza kungoja mwaka mpya wa bima.

Mwenye hesabu iliyomkwamia aweke namba zake hapa: msingi, posho, makato, tarehe ya kufunga mishahara, tarehe ya kurudi. Jina la mwajiri abaki nalo.