Fratenati za Marekani: mtoto analipia kudhalilishwa, bili tunaletewa sisi

Wakuu, salamu. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la elimu, huko utakufa siku ya pili. Uacheni hapa hapa, maana walengwa ni sisi tunaoishi Marekani na kulea watoto wa ndugu zetu waliokuja kusoma, pamoja na nyie mlioko nyumbani mnaouza viwanja ili hao watoto wasome. Nina hasira, kwa hiyo nikirukaruka mtanivumilia.

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa pili wa chuo, viza ya F-1 (ile ya wanafunzi). Mama yake yuko Dar, aliuza kiwanja cha Kibaha ndipo ada ya kuanzia ikapatikana, na mimi ndiye niliyeandikwa mdhamini kwenye karatasi zake. Kijana mpole, hesabu anaziweza, hajawahi kunisumbua. Mwezi wa tisa natoka zamu ya usiku (nahudumia wazee, wengi wenu mnaijua hiyo kazi), nakuta ujumbe: "Ma'mdogo shikamoo. Samahani, naomba unisaidie dola 900, mwisho Ijumaa. Ni mambo ya chuo." Nikampigia. Vitabu? Hapana. Maabara? Hapana. Akazungukaaa, mwisho akatamka: amepata mwaliko wa kujiunga na fratenati.

Kwa msiozijua, ni vile vyama vya wanafunzi vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Vya wavulana ni fratenati, vya wasichana ni sororiti. Wana nyumba zao kubwa jirani na chuo, siri zao, namna zao za kushikana mikono, na sherehe kila mwisho wa wiki. Ni mambo ya zamani sana: cha kwanza chenye herufi hizo, Phi Beta Kappa, kilianzishwa Virginia mwaka 1776, ingawa hicho leo ni heshima ya waliofaulu masomo wala hakina nyumba ya kulewea. Hivi vya sasa ni kitu kingine.

Nikamwambia nitumie karatasi ya malipo. Akanitumia. Ada ya makao makuu, ada ya mwanachama mpya, ada ya tawi kwa muhula, pini, fulana, mfuko wa shughuli, bima. Chini kabisa, maandishi madogo: faini ya kukosa kikao, halafu faini ya kuchelewa kulipa faini. Dola 900 ni zaidi ya milioni mbili za kwetu, na hapo hajalala kwenye hiyo nyumba wala hajala chakula chao. Mimi nilikataa. Mama yake akatuma, maana kijana alishamwambia kwamba huku bila hivyo vyama hupati kazi.

Hiyo bima ilininyima usingizi. Bima ya nini kwenye urafiki? Nikakaa nikasoma. Kumbe ni kwa ajili ya kesi: watu wanaanguka, wanaungua, wanabakwa, wanakufa, na familia zinadai. Na mara nyingi kinga hiyo ni ya makao makuu. Mwanachama aliyevunja kanuni za pombe, au aliyewatesa wapya, anaweza kuachwa ajitetee kwa mfuko wake na wa wazazi wake. Sasa jiulize kama kuna nyumba ya fratenati ambayo kanuni za pombe hazivunjwi, wakati sheria ya nchi hii inakataza kuuziwa pombe chini ya miaka 21 na wanachama wengi wana 19. Kwa hiyo mtoto anachangia bima ambayo siku ya balaa inaweza kumruka yeye mwenyewe.

Likizo ya Novemba akaja kwangu. Usiku amelala kwenye kochi la sebuleni, saa nane usiku simu inalia. Mara ya kwanza tu ikiita ameshakaa, anatafuta viatu gizani. Nikamuuliza kuna nini. "Ma'mdogo, naomba funguo za Corolla, kuna kaka wanataka kuchukuliwa." Kaka gani? Kaka zake wapya. Kumbe wanachama wapya hupangiwa zamu za kuwaendesha wakubwa wakilewa, na hata likizo hazikuhusu kama unakaa mji uleule. Alirudi alfajiri. Asubuhi nafungua gari niende kazini, kiti cha nyuma kina matapishi yaliyochanganyika na chipsi, na mfuko wa burga umekanyagwa chini. Nikamwuliza, wewe ni Uber? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Kila mtu anapitia hivyo, ukimaliza unakuwa ndugu yao."

Ndugu! Ndugu zake wa damu wako Dar, kiwanja hawana.

Sisi tuliosoma bodi tunajua unjuka, yaani kutumikishwa ukiwa mgeni shuleni. Tumefua soksi za watu, tumeimba juu ya meza ya bwenini, tumechotea maji madingi (wanafunzi wakubwa). Lakini hakuna dingi aliyewahi kutuletea ankara kwa huduma hiyo.

Kuna mtu atasema natia chumvi. Haya. Februari 2017, chuo cha Penn State, kijana wa miaka 19 anaitwa Timothy Piazza, usiku wa kupokelewa Beta Theta Pi. Walimnywesha mfululizo, akaanguka kwenye ngazi za kwenda chini. Nyumba ina kamera, kila kitu kimerekodiwa. Wakamlaza kwenye kochi, wakammwagia maji, wakamfunga begi la mgongoni lenye vitu asijegeuka akapaliwa na matapishi. Ilichukua karibu saa 12 ndipo mtu akapiga simu ya dharura. Akafa. Saa 12, wakuu, ndani ya nyumba iliyojaa "ndugu". Jimbo la Pennsylvania, kilipo chuo hicho, likatunga sheria yenye jina lake mwaka 2018.

Machi 2021, Ohio, Stone Foltz, miaka 20, mwaliko wa Pi Kappa Alpha: kazi aliyopewa ni kumaliza chupa nzima ya pombe kali. Akafa. Jimbo hilo nalo likatunga sheria, likaipa jina la kijana mwingine, Collin Wiant, aliyefariki 2018. Louisiana ilishatunga ya kwake baada ya Max Gruver wa chuo cha Louisiana State kufa 2017. Ukiona nchi inazipa sheria zake majina ya watoto, ujue makaburi yalitangulia. Na mwishoni mwa 2024 ikasainiwa sheria ya nchi nzima, ambayo nitaisema huko chini kwa sababu ina faida kwenu.

"Lakini inalipa." Hii ndiyo hoja ya kijana, ya mama yake, na ya yule mjomba wa kundi la ukoo anayejua kila kitu. Sikatai kwamba kuna ukweli ndani yake. Kuna wachumi watatu walifuatilia wahitimu wa kiume wa chuo kimoja cha kaskazini mashariki mwa Marekani. Walikuta kwamba kujiunga na fratenati kunashusha GPA (wastani wa alama, ambao kilele chake ni 4) kwa karibu 0.25, lakini kunapandisha kipato cha baadaye kwa karibu asilimia 36. Takwimu hiyo vijana wanaikariri kama sala. Ila muulizeni kijana wenu: hiyo 36 inatoka wapi, kama darasani walishuka? Inatoka kwa baba wa rafiki mwenye kampuni, kwa mhitimu wa zamani aliyeko benki ya New York, kwa kujuana. Sawa. Sasa kijana wa F-1 akipewa hiyo koneksheni, yule baba wa rafiki atamfanyia mpango wa H-1B, viza ya kazi? Ile inaingia kwenye bahati nasibu kwa wengi. Lakini GPA ikishuka ni yake peke yake, na msaada wa masomo wa chuo ukiwa na masharti ya alama unaondoka nayo.

Na hapa ndipo ninapotaka msome taratibu. Mzungu mwenzake akikamatwa na pombe akiwa na miaka 19, baba anakodi wakili, analipa faini, muhula unaofuata yuko darasani. Mwenye F-1 lazima asome muda wote. Chuo kikimsimamisha masomo, hadhi yake ya kuishi nchini inaanguka na masomo. Akikamatwa anaendesha amelewa, hata kabla ya hukumu, viza inaweza kufutwa. Akiwa kwenye nyumba ambayo mtu kaumia kwa kuteswa, kuna majimbo yanayoyaita mateso hayo kosa kubwa la jinai. Kwa hiyo ada ni ileile, pini ni ileile, adhabu si ileile. Na ndiye anayepewa zamu ya kuendesha saa nane usiku, kwenye gari la mama mdogo, bima kwa jina la mama mdogo!

Tena hao ndugu wanaomtaka ni hao tunaowajua. Machi 2015, Oklahoma, wanachama wa Sigma Alpha Epsilon walirekodiwa ndani ya basi wakiimba kwamba mweusi hataingia kwao kamwe, na wakataja kumtundika mtini. Tawi likafungwa ndani ya siku chache. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Alabama lilianika kwamba sororiti za wazungu zilimkataa msichana mweusi mwenye alama nzuri, na shinikizo hilo lilitoka kwa mabibi waliomaliza zamani. 2013, si 1963.

Najua wengine mshaanza kuandika: "Dada, kuna vya watu weusi." Vipo, na nawaheshimu. Alpha Phi Alpha walianza chuo cha Cornell 1906, vijana saba weusi waliokuwa wapweke kwenye chuo cha wazungu, na baadaye Martin Luther King akawa mwanachama. Alpha Kappa Alpha walianza chuo cha Howard 1908, huko ndiko alikotoka Kamala Harris. Delta Sigma Theta walianzishwa Januari 1913, na Machi mwaka huohuo wako barabarani Washington wakidai wanawake wapige kura. Hata Nkrumah alikuwa Phi Beta Sigma. Ni vyama tisa, na watu wake hawaachi uanachama wakimaliza chuo: utawakuta wana miaka 60 wamevaa rangi zao msibani. Hiyo ni jamii ya kweli, iliyotokana na kufungiwa milango.

Lakini msinidanganye kwamba huko hawapigani. Februari 2025, Baton Rouge, Caleb Wilson, miaka 20, mpiga tarumbeta wa bendi ya chuo cha Southern, alipigwa ngumi kifuani kwenye shughuli ya kuwapokea wapya wa Omega Psi Phi, kwa mujibu wa polisi. Hakurudi, alifariki. Wakubwa wa vyama hivi wameshapiga marufuku mateso miaka mingi, kwa hiyo yakafanyika kwa kujificha, ambako hata gari la wagonjwa linaogopwa kuitwa.

Kijana wangu, wala hakwenda huko. Alikwenda kwa wenye nyumba yenye nguzo nyeupe.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu

Mkuu uliyeandika kwamba nina wivu wa kutosoma: nina diploma ya uuguzi ya Tanzania na leseni ya huku. Endelea.

Dada wa Minnesota, asante sana, na watu wausome mchango wako. Ni kweli: vile vyama tisa vina matawi ya watu wazima waliokwishahitimu, na unaweza kuomba kuingia ukiwa na digrii yako, kazi yako na umri wa kununua bia bila kitambulisho cha kuazima. Kama ni koneksheni na kusaidiana, basi ipo hapo. Hakuna sababu ya kumtanguliza mtoto wa miaka 19.

Kwa mliouliza sororiti: binti zenu kwa pombe wana nafuu kidogo, maana zile za wazungu kwa desturi haziruhusu pombe kwenye nyumba zao. Matokeo yake wanakwenda kunywea kwa wavulana. Sijui kama hiyo ni nafuu kweli. Na wale wanaoangalia video za wasichana wa Alabama kwenye TikTok wakionyesha nguo za wiki ya kuchaguliwa, jumlisheni bei ya hizo nguo kabla hamjasema ni ada tu.

Ile sheria ya 2024 sasa. Inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuweka hadharani ripoti ya vyama vilivyokutwa na hatia ya kutesa wapya: jina la chama, walichofanya, adhabu. Ingieni tovuti ya chuo cha mtoto wenu mkaitafute kabla hamjatuma hata senti. Imefichwa kwenye kurasa za maisha ya wanafunzi, vumilieni.

Mimi nimeipata ya chuo chao. Nyumba ya nguzo nyeupe imo. Pombe kwa walio chini ya umri, wapya kunyimwa usingizi, wapya kuendesha gari usiku kwa amri. Adhabu: kipindi cha uangalizi na semina. Nimeipiga picha, nimemtumia kijana, nimemtumia mama yake, nikaitupia na kwenye kundi la ukoo. Mjomba wa kila kitu amejibu ndani ya dakika moja kwamba hizo ni fitina za vyama pinzani, na anauliza kama kuna nafasi ya mwanawe Januari.