MREJESHO: Deki ya kontroli dhidi ya wanaoshambulia haraka

Wakuu habari za muda, mimi ndo yule wa Tanga niliyeuliza nifanyeje deki yangu ya kontroli (ya kumzuia mpinzani kwanza, kushinda baadaye) ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, rangi nyeupe na bluu, isife mapema, maana vijana wa Ngamiani walikuwa wananimaliza uhai wote 20 kabla sijafikisha ardhi ya nne (kadi za ardhi ndo zinatoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine).

Aliyesema nipunguze kadi za mana nyingi niweke za mana moja, Mungu akubariki sana, hiyo ndo imenibeba. Nimeingiza Path to Exile zote 4, mtu akishusha kiumbe (kadi ya kupigana) kinaondoka hapo hapo, anapata ardhi ya bure ndio lakini acha apate, halafu ardhi ya nne ikifika Supreme Verdict inafagia viumbe vyote mezani na hakuna wa kuikaunta, yaani kuizuia isifanye kazi. Raha sana aisee! Timely Reinforcements nayo ipo saidibodi (kadi za akiba za kubadilishia kati ya gemu), ukizidiwa uhai unapata 6, ukizidiwa viumbe unapata askari watatu wa kuzuia.

Ila jamaa wa deki nyekundu ya Lightning Bolt (kadi inayopiga uhai wako moja kwa moja) bado ananipiga, yeye hategemei sana viumbe kwa hiyo Path zinakaa mkononi bure. Ule ushauri wa kuweka Absorb (inakaunta kadi ya mpinzani na kukuongezea uhai) sijaujaribu, kadi bado sijazipata. Asanteni sana wadau.