Mliouguza mgonjwa wa saratani ya ubongo, tupeane uzoefu wa maisha ya nyumbani

Mke wa Fundi: Wakuu, salaam. Mume wangu ni fundi cherehani, miaka 43. Mwaka jana alianza kuumwa kichwa alfajiri na kutapika. Tumetibu malaria mara tatu, taifodi mara mbili, hadi kipimo cha CT kikaonyesha uvimbe. Akapasuliwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, kisha mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita. Huko nilielekezwa vizuri. Kuishi naye nyumbani ndiko sikuelekezwa.

Juzi kashika mkasi, ananiambia, "Nipe ile... ile ya kukatia." Mkasi anao mkononi. Aliponiona nimenyamaza akaelewa, akauweka chini, akatoka nje. Tangu siku hiyo hajagusa cherehani.

Wauza mizizi msinitumie ujumbe wa faragha (PM), zimejaa. Nawataka waliopitia.

Mangi Mstaafu: Pole dada. Mimi nilimuuguza mama. Kilichotutesa ni deksamethasoni, vile vidonge vya kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Saa nane usiku yuko jikoni anakwangua sufuria ya ugali! Mashavu yakajaa, majirani wanatupongeza eti mama kanawiri. Nesi mmoja ndiye aliyetushtua: dozi ya mwisho isivuke saa nane mchana. Hapo akaanza kulala. Mpimeni na sukari, hupanda. Halafu zisikatike ghafla. Sisi ziliisha sikukuu, duka la dawa limefungwa, siku ya tatu mama hakuweza kunyanyuka kitandani.

Binti Mvita: Poleni sana. Wetu ni kakangu. Degedege la kwanza lilimshika sebuleni, ami akamtia kijiko mdomoni, meno mawili yakavunjika. Kisha tukaambiwa ana jini, tukazungushwa miezi minne (nikikumbuka hasira zanipanda). Sasa hata watoto wajua: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Komeo la choo tumeling'oa, twatundika leso mlangoni. Ukiona leso, mna mtu.

Kimya Kingi: Mzee wangu alikuwa mwalimu, mpole kupindukia. Uvimbe ulikaa mbele, nyuma ya paji la uso. Akaanza kumtukana mama matusi ambayo sikujua kama anayajua. Mama alilia wiki nyingi, akiamini ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa mzee miaka yote. Daktari akamkalisha, akamwonyesha kwenye picha sehemu inayomzuia mtu kusema kila linalomjia, akamwambia hapa ndipo palipoharibika. Aliporudi, akitukanwa anajibu, "Nimekusikia wewe uvimbe, sasa niitie mume wangu." Kuna siku mzee mwenyewe alicheka.

Kuhusu maneno, usiwahi kumkisia. Msubiri. Akikwama sana mwonyeshe vitu viwili, achague.

Mzee wa Kahawa: Dada, wewe mwenyewe unalala?

Mke wa Fundi: Silali. Naweka mkono kifuani mwake nisikie kama anapumua.

Mangi Mstaafu: Hapo utaanguka wewe kwanza. Mawifi wapo? Usiwaambie "nisaidieni", watakuitikia tu na kuondoka. Mwambie mmoja, wewe Jumamosi unalala hapa.

Nesi wa Zamu: Ulizia tiba shufaa hapo hapo Ocean Road. Watu wanaikimbia wakidhani ni ya anayekata roho, kumbe huanza hata mgonjwa akiwa bado anatibiwa. Wanashughulikia maumivu, kichefuchefu, usingizi, hata kikao cha ndugu wanaobishana. Akiandikiwa morfini ya maji msiogope, ila mfuate kipimo, na mwulizeni daktari dawa ya kulainisha choo. Choo kikifunga anateseka kuliko hicho kichwa.

Mke wa Fundi: Nimesoma zote, Mungu awabariki. Wifi amekuja jana, nimelala saa sita mfululizo.

La cherehani: mwanetu wa darasa la tatu alinisikia nikisimulia. Kakata karatasi, kabandika kwenye kila kitu cha baba yake. MKASI. UZI. TEPU. Kwenye pasi kaandika PASSI. Baba mtu kapita akivisoma kimoja kimoja, taratibu. Alipofika kwenye pasi akaomba kalamu kwa mkono, akakata S moja.